Mwalimu Anaita Maneno

Kiwalani, Dar es Salaam
20 Novemba 2023

Dada Anna,

Tumsifu Yesu Kristo. Huku kwetu tunapumua. Jesca anakusalimu, na watoto wanakusalimu, hata yule mdogo ambaye hujawahi kumwona ameniagiza nikuandikie kwamba ameota jino. Kazi ya useremala Keko si mbaya. Watu wanataka makochi ya Krismasi na wote wanayataka mekundu, sijui nani kawaambia.

Sasa kaa chini. Mama alianguka mwezi uliopita. Alikuwa anamwagilia mchicha wake nyuma ya nyumba, Jesca akasikia ndoo inabingirika. Ni kiharusi. Upande wa kulia umelala na sauti imekwenda. Tulikuwa naye hospitali, sasa yuko hapa kwangu chumba cha mbele, kwenye kitanda nilichomtengenezea mwenyewe, kifupi, ili miguu yake ifike sakafuni.

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Mliniambia wenyewe siku ile nilipokuja, wewe ukiwa nyuma ya zile nondo za chumba cha wageni: simu ya monasteri ni ya msiba tu. Nitapigaje simu ya msiba wakati mama anahema? Si ningekuwa namchuria? Nilishika simu mara nyingi nikairudisha mfukoni.

Haongei kabisa. Anatuangalia kama alivyokuwa akiangalia darasa lililompigia kelele. Muombee, dada. Nyie huko ndiyo kazi yenu.

Ndugu yako,
Venance


Monasterini
5 Desemba 2023

Mdogo wangu Vena,

Amani iwe nyumbani kwako. Mwambie mwenye jino nimefurahi sana na asimng'ate mama yake. Sisi tuko salama, mvua imeanza na mahindi yamekubali.

Barua yako nimeisoma bustanini, nikairudia kanisani, nikairudia kitandani. Nilipofika kwenye ndoo nilishindwa.

Nina jambo la kukuambia ambalo nililiweka hadi Krismasi, ila sasa halikai. Mama Abesi, mkuu wetu, na masista wote wamekubali nifunge nadhiri za daima, tarehe kumi na moja Julai. Baada ya hapo hakuna kutoka. Ni siku niliyoingojea tangu nilipoondoka nyumbani.

Ulikuwepo siku ile, umenishikia begi. Unakumbuka maneno ya mama. "Sisi Wamwera nyumba hupita kwa binti. Wana wa Venance watakuwa wa ukoo wa mama yao. Nina binti mmoja. Ukiingia huko umeifunga nyumba yangu, na radhi yangu usiitafute." Tangu hapo nimemwandikia kila Krismasi na hajawahi kunijibu hata mstari. Mama Abesi ananiambia Kanisa halidai radhi ya mzazi. Kanisa halidai, Vena. Mimi ndiye ninayedai. Siku ya nadhiri mtu hulala kifudifudi mbele ya altare, wenzake wakiimba litania. Nikijiwaza nimelala pale bila radhi ya mama, napata baridi.

Nilidhani muda ungemlainisha. Sasa hata akilainika atasema na nini? Mtafutie daktari, mtafutie mtu wa mazoezi, fanya lolote. Nahitaji neno moja tu kutoka kwake.

Dada yako,
Anna


Kiwalani
7 Januari 2024

Dada,

Heri ya mwaka mpya. Usife kwa mawazo, nina habari. Ila kwanza salamu: makochi mekundu yote yameuzika isipokuwa moja, na hilo ndilo ninalokalia nikikuandikia.

Mama amesema! Ngoja nikupe mambo yalivyokuwa. Unamkumbuka Mwanaheri, yule wa nyumba ya pili anayekaanga vitumbua? Mama alimfundisha darasa la tano. Alikuja siku ya Krismasi na sahani ya vitumbua, akakaa karibu na kitanda, akaanza utundu wake. "Ticha huyu alinichapa mie kwa ajili ya night. Leo simwachi." Akasimama, akapiga kofi ukutani kama rula ubaoni, akaita, "Night!"

Mama akajibu, "Usiku."

Jesca aliangusha kijiko. Mwanaheri naye alishtuka, maana alikuwa anatania tu, lakini yule si mtu wa kurudi nyuma. "Light!" Mama: "Nuru." "Fight!" "Pigana." "Right!" "Haki." Akamaliza familia nzima ya ight, na mama hakukosa hata moja, tena kwa sauti ileile ya darasani. Kisha Mwanaheri akamuuliza, "Ticha, unajisikiaje?" Hakuna kitu.

Mtaalamu wa mazoezi anasema hutokea. Kilichokaririwa miaka yote kinaweza kubaki mahali pake hata mengine yakiharibika. Na mama alikariri, dada. Darasa gani Temeke halikupita kwenye familia zake? Alipanga maneno ya Kiingereza kwa herufi yanazoshirikiana, si kwa sauti, ndiyo maana live na five ni ndugu kwake. Nusu ya kwanza ya kipindi anaita Kiingereza, darasa linatoa maana. Nusu ya pili anageuza, anaita Kiswahili, darasa linatoa Kiingereza. Mtoto akikaa kimya haitwi mwingine hadi ajibu mwenyewe.

Sasa nyumba yangu imekuwa shule. Asubuhi namwita hand, land, sand, naye anajibu mkono, ardhi, mchanga huku Jesca anamlisha uji. Hata uji unashuka vizuri. Watoto wanafaidi Kiingereza cha bure.

Najua si mazungumzo. Lakini ni sauti yake.

Venance


Monasterini
18 Januari 2024

Vena mpenzi,

Nimecheka hadi sista wa bustani akanikonyeza ninyamaze. Mpe Mwanaheri shukrani zangu, Mungu ambariki na vitumbua vyake.

Tangu hapo sina usingizi. Unaikumbuka familia ya ive? Ilikuwa kona ya kulia ya ubao. Give, toa. Live, ishi. Five, tano. Drive, endesha. Ya mwisho ilikuwa forgive. Samehe.

Mwite hilo. Anza na give, uende polepole, umalize na forgive. Umweleze kwanza kwamba ni mimi ninayeita, kwamba ni Anna. Halafu uniandikie alivyosema, na sauti yake ilivyokuwa.

Najua unachowaza. Usiniandikie unachowaza. Niandikie alichosema.

Anna


Kiwalani
4 Februari 2024

Dada Anna,

Salamu kutoka kwa wote. Samahani nimechelewa. Sikuwa na kazi nyingi, nilikuwa nimekasirika.

Umesema nisiandike ninachowaza, nami nakiandika. Mama akiitwa fight anajibu pigana. Je, anataka ngumi? Akiitwa five anajibu tano. Tano za nini? Ukimwita forgive akajibu samehe utakuwa umechukua neno kwenye mdomo wa mgonjwa kama mtu anayechuma papai la jirani aliyelala. Hiyo siyo radhi. Hata wewe unajua, ndiyo maana hukutaka nikuandikie.

Nikakataa. Nikakaa na kukataa kwangu wiki nzima. Halafu nikakuwaza umelala sakafuni una baridi, nikafanya.

Ilikuwa asubuhi, baada ya uji. Nikamwambia, "Mama, leo anayeita ni Anna." Akanitazama. Give: toa. Live: ishi. Five: tano. Drive: endesha. Forgive.

Kimya.

Nikadhani hakusikia. Nikaanza upya na vyote akajibu, haraka kuliko mwanzo. Forgive: akafumba mdomo, vilevile anavyoufumba Jesca akimletea dawa chungu. Nikaita kwa mara ya tatu, akageuzia uso ukutani.

Sijui nikupe pole au nikupe hongera. Siku zote hizi nilidhani tunafuga kasuku. Kumbe mama yumo, dada. Yumo ndani mzima kabisa, na amekataa.

Venance


Monasterini
10 Februari 2024

Vena,

Salamu kwa wote. Jumatano tunaingia Kwaresima na unajua kanuni yetu: barua zitakazokuja zinawekwa kwenye droo ya Mama Abesi hadi Pasaka, na sisi hatuandiki.

Usimwite tena neno lile. Nakuomba.

Lakini usiache kumsomea barua zangu zote, zile za Krismasi pia, kama hakuzichoma. Asikie. Kama yumo, basi asikie. Kama ni kunikataa anikatae amenisikia.

Nitasali.

Anna


Kiwalani
12 Machi 2024

Dada,

Najua barua hii inakwenda kulala kwenye droo. Naiandika hivyohivyo kwa sababu nisipoiandika nitapasuka. Mwezi umeandama, Mwanaheri ameanza kufunga, nyie mmefunga, mtaa mzima umefunga. Mimi peke yangu ndiye ninayekula, na hakishuki.

Barua zako za Krismasi hakuzichoma. Zilikuwa chini ya nguo zake, zote zimefunguliwa, karatasi zimechakaa kwenye mikunjo. Nikamsomea moja kila jioni. Alikuwa anasikiliza macho juu. Wiki iliyopita nilimaliza moja, nikasoma jina lako pale chini, "mwanao Anna," nikawa naikunja. Mama akasema, "Rudi?"

Sikuwa nimeita kitu. Alisema mwenyewe, sauti juu mwishoni, kama anavyoita nusu ya pili ya kipindi. Nikajibu kwa mazoea, "Return!" Unaikumbuka familia ile, burn, turn, return. Akatikisa kichwa. Akaita tena, "Rudi?" Jesca akajibu. Hapana. Mwanaheri akaja akajibu kwa sauti ya kuamsha mtaa. Hapana. Macho yake yako kwenye bahasha zako.

Tangu siku hiyo anaita asubuhi na anaita jioni. Rudi? Kisha anangoja. Unajua alivyokuwa akingoja, chaki mkononi, darasa zima limeinamisha vichwa, na hatamwita mwingine mpaka yule aliyeulizwa ajibu. Sasa anangoja hivyo, dada, amelala, na anayengojwa ni wewe.

Jesca ananipigia kelele: "Piga simu, wewe mwanaume! Piga hata sasa hivi!" Nikishika simu nairudisha mfukoni. Ile ni simu ya msiba. Nikiipiga akiwa hai, halafu akafa, nitasema nini? Nitakuwa nimemwita Israili mtoa roho kwa kidole changu. Nicheke ukitaka. Naogopa.

Pasaka haiko mbali. Atangoja. Mama ni mtu wa kungoja.

Venance


Monasterini
Jumatatu ya Pasaka, 1 Aprili 2024

Venance,

Amefufuka kweli. Salamu nitakupa siku nyingine.

Jana baada ya Misa Mama Abesi alitugawia barua. Nimesoma yako nimesimama kwenye korido, wenzangu wakila mayai. Nusu nzima ya Kwaresima! Mimi nilikuwa hapa nafagia na kuimba zaburi, na mama alikuwa ananiita asubuhi na jioni, na barua iko kwenye droo niliyokuwa nikiipita kila siku kwenda kanisani. Nimekukasirikia jinsi ambavyo mtawa hapaswi kukasirika. Simu si jeneza, Vena! Ni waya na sauti. Ungeniua mara ngapi kwa hofu yako?

Kisha nikajikasirikia mwenyewe, kwa sababu nilipomaliza kukulaani nilijiuliza ningemjibu nini, na sikuwa na jibu.

Nimeongea na Mama Abesi. Nadhiri zangu za muda zinakwisha Julai; nikitaka kurudi nyumbani hakuna atakayenishika. Nikitaka kwenda kumwona siku chache naye ataniruhusu. Lakini mama haiti nimtembelee. Anaita nirudi. Anataka nyumba ifunguliwe. Na mimi najijua: nikiushika mkono wake siku moja sitaondoka tena, nitabaki Kiwalani nikiwa mtu nusu, si mtawa, wala si mama wa mtoto anayemtaka. Na bado kila nikifumba macho namsikia anaita.

Piga simu. Ukipata barua hii, piga, uniwekee sikioni kwake. Nitamjibu mwenyewe. Mpaka hapo sijui nitakachosema, na namwogopa Mungu kwa kusema hivyo.

Anna


Monasterini
9 Mei 2024

Mdogo wangu,

Pole ya msiba. Pole kwa Jesca, pole kwa watoto. Nimeambiwa mmemsafirisha hadi kwetu Nachingwea na mvua zile, na barabara zile. Mungu awalipe. Mimi sikuwepo. Nilikuwa kwenye kiti changu kanisani, nikimwimbia marehemu ambaye nilimnyima alichoniomba.

Siku ile ya kwanza ulipopiga, sista wa mlango alipiga ishara ya msalaba aliposikia jina lako, akaanza kuniombolezea kabla hujasema kitu. Nikaichukua simu nikasikia pumzi ya mama. Miaka yote hii, Vena, na ya kwanza ninayopewa ni pumzi. Halafu: "Rudi?"

Nikajibu, "Return." Nikamsikia anavuta hewa. Alijua sauti yangu. Nikajua pia kwamba nimejibu darasa na sijamjibu mama, na kwamba anangoja. Nikamwambia ukweli. "Sirudi, mama." Kisha nikamrudishia sista wa mlango simu.

Hilo ndilo neno langu la mwisho kwake. Tangu Kwaresima aliniita, na nilipopata sikio lake nikamwambia sirudi. Siku mbili baadaye simu ikalia tena, na mara hii ilikuwa kazi yake halali. Uliongea na sista wa mlango. Hukuomba kuongea na mimi. Nimelielewa hilo.

Nimemwambia Mama Abesi kwamba Julai sitafunga nadhiri. Ameniambia nisiamue nikiwa na machozi, lakini siyo machozi. Siwezi kulala kwenye sakafu ile. Mtu aliyenizaa amekwenda na radhi yake mkononi, na mimi ndiye niliyempa sababu. Nitatoka. Sijui nitakwenda wapi. Nyumba niliyoitiwa haipo tena.

Kama umenikasirikia una haki. Niandikie tu alivyolala siku zile za mwisho, kama aliita tena, kama alisumbuka. Hata kama ni mabaya, niandikie.

Anna


Kiwalani
2 Juni 2024

Dada Anna,

Wote ni wazima. Jino la mdogo limekuwa manne. Kochi jekundu nimemgawia Mwanaheri, alilia sana msibani, alistahili mahali pa kukalia.

Mama tulimzika vizuri. Watani wa ukoo walikuja na chaki. Wakati kaburi linafukiwa, mmoja wao akavaa miwani ya mama, akapiga rula kwenye koleo, akaita, "Night!" Waombolezaji wote, wazee kwa watoto, wakajibu, "Usiku!" Akaita, "Light!" "Nuru!" Padri mwenyewe alijibu. Tulicheka hadi tukalia vizuri.

Sikuomba kuongea nawe kwenye simu kwa kuwa nilikuwa nimekukasirikia. Sitakuficha. Nilishika ile simu sikioni kwake, nikasikia ulichosema, nikaona uso wake. Nikasema moyoni, huyu ana moyo gani? Angemdanganya tu, ana hasara gani? Mama alikuwa anakwenda, kila mtu alikuwa anaona. Ungesema nakuja mama, akalala. Hivyo ndivyo ningefanya mimi. Kwa hasira hiyo nikanyamaza juu ya kitu ambacho ni chako, nikakaa nacho mwezi mzima, na Jesca amegoma kunisemesha mpaka nikuandikie.

Ulipoacha simu, mama aliendelea kuiangalia. Simu nikaiweka kitandani. Jesca akaja na uji, mama akala, siyo kwa kununa, alikula tu, kijiko kwa kijiko, hadi bakuli likaisha. Jesca akarudi jikoni kuosha. Mwanaheri hakuwapo. Redio ilikuwa imezimwa. Nilikuwa napangusa kidevu chake.

Mama akasema, "Samehe."

Sikuita mimi, dada. Hakuna aliyeita. Wala hakulisema kwa sauti ya kuuliza, alilisema kama mtu anayeweka mzigo chini. Nikamwambia, "Mama, unasemaje?" Akaiangalia simu pale kitandani, akarudia, taratibu, ili mjinga wa darasa asikie: "Samehe."

Hakuita tena rudi. Hakusumbuka. Alikwenda alfajiri ya kesho kutwa yake, nikiwa nimemshika mkono ule uliokuwa na nguvu.

Ungemdanganya asingelisema. Hilo nimelielewa juzi nikipiga randa, nikaacha kazi nikaja kuandika.

Sasa usinitoke huko na kuja kunijazia chumba. Nenda kalale kwenye sakafu yenu, dada.

Venance